Antioksidanti za lishe na ufyonzwaji wa mafuta yaliyooksidika kwa samaki

Asidi za mafuta za omega-3, ambazo samaki wengi huzihitaji katika lishe yao, ndizo zinazoharibiwa upesi zaidi na oksijeni. Asidi ya DHA, kwa mfano, ina kaboni 22 na vifungo maradufu 6, na kaboni zilizo katikati ya vifungo hivyo hunyang'anywa hidrojeni kwa urahisi. Hapo huzaliwa hidroperoksidi, yaani asidi za mafuta zilizobeba oksijeni, nazo zikivunjika hutoa aldehidi, ambazo huchangia ule mnuko mkali wa dagaa waliokaa stoo muda mrefu.

Samaki akila mafuta ya namna hiyo, lipasi na chumvi za nyongo huyameng'enya kama mafuta mengine. Hidroperoksidi nyingi huishia katika seli za utumbo, kwa kuwa zina kimeng'enya chenye seleni kinachozigeuza kuwa alkoholi zenye madhara madogo zaidi. Aldehidi ndizo zenye hatari kubwa, kwa sababu zile ndogo huweza kupenya hadi kwenye damu na ini.

Si sahihi, basi, kudhani kwamba antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu huu wa oksijeni, huziba njia ya ufyonzwaji wa mafuta hayo. Vitamini E huipa radikali huru, yaani molekuli iliyonyang'anywa hidrojeni na inayoinyang'anya nyingine, hidrojeni yake na kuukata mfululizo wa uharibifu, ama tumboni, ama katika utando wa seli baada ya kufyonzwa, na yenyewe hutumika katika kazi hiyo. Ndiyo maana samaki anayelishwa mafuta mabovu hupungukiwa vitamini E hata kama chakula kilikuwa nayo mwanzoni. Huko Japani, samaki aina ya kapu waliolishwa pupa (hatua kati ya kiwavi na nondo) wa nondo wa hariri wenye mafuta yaliyooksidika walikonda misuli ya mgongo, ugonjwa uitwao sekoke, na vitamini E iliuzuia.

Jambo linalosahaulika, nami naliona zito kuliko yote, ni kwamba vitamini E ya viwandani aghalabu huwa alfa-tokoferili asetati, yaani vitamini E iliyofungwa na asetati, ambayo haifanyi kazi ya antioksidanti mpaka vimeng'enya vya utumbo viiondolee asetati. Humlinda samaki, ila haikilindi chakula kikiwa ndani ya gunia. Mfugaji wa sato anayesaga dagaa na kuchanganya na pumba huhitaji kwanza dagaa wapya waliokaushwa vizuri, au antioksidanti nyingine kama BHT inayofanya kazi tangu siku ya kuchanganya.