Pete ya RTJ lazima iwe laini, jamani

Juzi nimeulizwa tena kuhusu pete za RTJ, zile pete za chuma za kuziba maungio ya mabomba, safari hii na bwana stoo mmoja pale Shimanzi, Mombasa: "Fundi, mbona waagiza chuma laini kinachoshika kutu na stenlesi ipo?" Akaniwekea pete mbili mezani. Ya chuma laini imeshatoka vidoa vyekundu, si mwaijua hewa yetu ya chumvi. Ya stenlesi yang'aa utadhani ya arusi.

Pete ya RTJ haizibi kwa ugumu, huziba kwa kubonyea. Ukikaza bolti za flanji, zile sahani za mwisho wa bomba, pete hujibana kwenye kuta za mfuo, ule mfereji uliochongwa usoni mwa flanji, mpaka chuma chake kijae ndani ya kila mkwaruzo. Kati ya pete na flanji, mmoja ataumia, nami nataka aumie wa bei rahisi. Chuma laini hakitakiwi kuzidi 90 Brinell, kipimo cha ugumu. Stenlesi ya daraja la 304 au 316 yaruhusiwa hadi 160. Sasa tia hiyo ya 160 kwenye flanji ya chuma cha kaboni, ambayo mara nyingi haipishani nayo sana, halafu kaza kwa nguvu zako zote.

Nimeona matokeo yake kwenye bomba la mvuke. Inavuja, wamekaza, inavuja, wamekaza tena. Tulipofungua, pete haikuwa na alama. Nikapitisha ukucha ndani ya mfuo, ukakwama. Flanji ikabidi ikatwe, na kukata flanji ni welda, ni kibali cha kazi ya moto, ni siku tatu za watu kukununia.

Stenlesi kwa flanji ya stenlesi je? Hapo hata mimi husita. Tofauti ya ugumu huwa nyembamba, kwa hiyo nataka cheti cha ugumu cha pete na cha flanji, na bado sitembei kifua mbele.

Umbo si la kugombania: pete ya umbo la yai huingia mfuo wa chini mviringo na wa chini bapa, ya pembe nane yataka wa bapa tu. Gasketi za kuzungushwa, za utepe wa chuma na grafaiti, si RTJ hizo: ukingo wa njano ni 304, wa kijani ni 316L. Usizipake grisi, na ukishazifungua ni za kutupa.

Spana ya torki, ile ya kupimia nguvu ya kukaza, nayo msiiabudu. Inachopima zaidi ni msuguano. Bolti mbili zilizosoma namba moja zaweza kupishana mvutano kwa asilimia 30 huku na huku. Mimi hukaza kwa nyota, bolti zinazotazamana kwa zamu, kwa asilimia 30, 70, kisha 100 ya torki, halafu nazunguka mpaka nati zigome. Hata hivyo, siku ya kuwasha bomba nasimama mbali.

Na ile kutu? Pete hizo huja zimepakwa mafuta au zinki, ndani ya mfuko uliofungwa. Nikamuuliza bwana stoo mfuko uko wapi. Alikuwa ameichana yote, ahesabu mali vizuri.