Wino napima, pumzi sipimi

Mzee mmoja wa Dunda aliniletea msahafu wa babu yake. Ulikuwa umeviringishwa kwenye kanga kuukuu, na kanga imetiwa ndani ya mfuko wa rambo, wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku. Aliuweka mezani kwa mikono miwili, akavua kofia, akakaa.

Kazi yangu ni miswada ya kale. Nasoma hati, natazama karatasi na wino, kisha nasema kitu kimeandikwa lini, pengine na wapi. Niliinua ukurasa mmoja kuelekea dirishani, na ndani ya karatasi zikajitokeza hilali tatu zimepangana. Wanaoshughulika na miswada ya pwani wanaijua alama hiyo. Ni karatasi ya Italia, iliyotengenezwa makusudi kwa masoko ya nchi za Kiislamu. Nikamwambia, "Babu, aya hizi zimeandikwa juu ya karatasi ya Wakristo." Alicheka mpaka akakohoa.

Alipotulia akauliza, "Sasa mwanangu, utaalamu wako huu unaweza kuniambia kama maneno yaliyomo yametoka kwa Mola?"

Siku ile sikumjibu. Nilimwambia tu asiurudishe kwenye rambo, maana plastiki hufungia unyevu na hewa yetu ya Bagamoyo ina chumvi na ukungu wa kutosha tayari.

Swali hilo si geni mjini kwetu. Ukitoka mjini kwa mguu kwenda kusini unafika Kaole, penye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Ukienda upande wa pili unakuta misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa mwaka 1868. Na katikati ya mji kuna kumbukumbu ya Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu humwita Sheikh Ramiya, aliyeifanya Bagamoyo kituo kikubwa cha Kadiria, tarika ya Kisufi, kabla ya kufariki mwaka 1931. Mtu aliyezaliwa hapa amesikia adhana na kengele tangu tumboni. Halafu ikaja mihadhara ya Waislamu na Wakristo kubishana: meza mbili, vipaza sauti viwili, vitabu vimerundikwa, na umati unapiga kelele "Toa andiko!" Nimesimama pembeni ya mihadhara mingi nikinywa kahawa. Ninachokisikia kikitumiwa kama ushahidi mara nyingi ni kazi ya watu wa fani yangu, na ndiyo maana naandika haya. Wanatusingizia.

Chukua zile kurasa mbili za Birmingham. Mwaka 2015 chuo kikuu cha huko Uingereza kilitangaza kwamba ngozi yenye sehemu za sura ya 18 hadi ya 20 imepimwa kwa kaboni, na mnyama mwenye ngozi hiyo alikufa kati ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Mtume alifariki mwaka 632. Ni jambo kubwa. Nadharia iliyosema maandishi ya Kurani yalitungwa miaka mia moja au mia mbili baadaye haina pa kusimama mbele ya kurasa hizo. Lakini kilichopimwa ni ngozi. Kipimo kinasema mnyama alikufa lini. Hakisemi nani alikuwa akizungumza.

Upande wa Biblia wana gombo la Isaya. Lilipatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, nalo liliandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Kabla ya hapo, Biblia kamili ya Kiebrania ya zamani kuliko zote yenye tarehe inayojulikana ilikuwa ile iliyoko Urusi, ya mwaka 1008. Pengo ni zaidi ya miaka elfu moja, na walipolinganisha wakakuta ni Isaya yule yule, ingawa tahajia zinatofautiana na maneno ya hapa na pale hayafanani. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo linatosha kumvulia kofia mnakili wa Kiyahudi.

Lakini mnakili mwaminifu hunakili kila kitu kwa uaminifu, uongo pia. Nimewahi kushika nakala tatu za hati moja ya deni ya karne ya 19, zinalingana herufi kwa herufi. Hazikuniambia kama fedha zile zilikopwa kweli.

Na hata huo uaminifu una mipaka yake, jambo ambalo wenye vipaza sauti hawalipendi. Katekista mmoja, rafiki yangu, alinuna wiki nzima nilipomwonyesha kwamba Marko katika vitabu viwili vikuu vya Kigiriki vya karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, inaishia sura ya 16 aya ya 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Aya kumi na mbili zinazofuata hazimo. Habari ya yule mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 nayo haimo katika nakala za kale kabisa. Ustadh aliyekuwa karibu akafurahi, nikamgeukia na yeye. Yeye husema jukwaani kwamba Kurani haijabadilika "hata nukta." Miswada ya mwanzo kabisa karibu haina nukta! Herufi ziliandikwa tupu, na msomaji akajua kwa kuwa ameshahifadhi. Pale Sana'a, Yemen, mwaka 1972 yalipatikana mabaki ya misahafu, na moja ya ngozi hizo ilikuwa imefutwa ikaandikwa upya. Maandishi ya chini ni Kurani pia, lakini yenye maneno na mpangilio wa sura unaotofautiana hapa na pale na tulionao.

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuwahi kuficha kwamba visomo ni zaidi ya kimoja. Ibn Mujahid, aliyefariki mwaka 936, ndiye aliyeorodhesha visomo saba. Katika Alhamdu peke yake, wengine husoma "maaliki", Mwenye kumiliki siku ya malipo, na wengine "maliki", Mfalme wa siku hiyo. Kisomo cha Hafsi tulichokizoea kilizidi kuenea baada ya chapa ya Kairo ya mwaka 1924. Shehe aliyesoma anayajua haya yote na analala usingizi wake vizuri. Anayehangaika ni yule aliyejenga imani yake juu ya nukta.

Utabiri ni mada ngumu zaidi, na hapa siwezi kupita kwa dharau. Aya za mwanzo za Sura ya Ar-Rum zinasema Warumi wameshindwa, nao watashinda tena katika miaka michache. Neno lililotumika huhesabiwa kuwa kati ya miaka mitatu na tisa. Wapersia waliiteka Yerusalemu mwaka 614. Heraclius, mfalme wa Warumi, alianza kujibu mapigo mwaka 622, na mwishoni mwa 627 akawavunja karibu na Ninawi. Wakati Warumi wako chini, si wengi wangeweka dau upande wao. Ezekieli 26 naye alitabiri Nebukadreza ataiangamiza Tiro, lakini sura ya 29 ya kitabu hicho hicho inakiri kwamba mfalme na jeshi lake walitoka bila ujira. Watetezi hukimbilia kwa Iskanda aliyeuteka mji mwaka 332 kabla ya Kristo. Wapinzani huonyesha kwamba Tiro ipo hadi leo, Lebanon, na watu wanakaanga samaki. Kuhusu Danieli, mwanafalsafa Porphyry alisema tangu karne ya 3 kwamba kitabu kile kinaeleza vita vya mfalme Antioko vizuri mno kwa sababu kiliandikwa baada ya vita, na wataalamu wengi wa leo wanamwunga mkono.

Tuseme utabiri umetimia, tena waziwazi. Je, tumemaliza? Kumbukumbu la Torati 18 inasema neno lisipotimia, nabii huyo hakutumwa. Watu huishia hapo. Wangerudi nyuma sura tano tu: sura ya 13 inasema akitokea nabii akatoa ishara, na ishara ikatimia, kisha akawaita mfuate miungu mingine, msimsikilize. Yaani Torati yenyewe inakubali kwamba ishara inaweza kutimia na msemaji bado akawa hakutumwa. Kushindwa kunamwangusha, lakini kufaulu hakumsimamishi. Sijaona mwanamantiki aliyelisema hilo kwa ufupi zaidi, na sijawahi kulisikia kwenye mhadhara hata mmoja.

Hoja za hesabu nitazipitia haraka, kwa sababu zinanichosha. Mwaka 1994 jarida la takwimu la Marekani lilichapisha makala iliyodai majina ya marabi yamefichwa katika herufi za kitabu cha Mwanzo. Mtaalamu wa hesabu wa Australia, Brendan McKay, akatumia ujanja uleule kwenye Moby Dick, riwaya ya kuwinda nyangumi, na humo "akakuta" mauaji ya viongozi kadhaa yametabiriwa. Mwaka 1999 jarida lile lile likachapisha jibu lililobomoa madai ya kwanza. Upande wa Kurani, Rashad Khalifa alidai mwaka 1974 kwamba yote imefumwa kwa namba 19, na hesabu ilipomgomea akazikataa aya mbili za mwisho za Sura ya Tauba. Ukiona fundi anakata mlango ili kitasa kikae, ujue kitasa si cha mlango huo.

Iijazi, yaani dai kwamba Kurani haiwezi kuigwa, ndiyo hoja yenye heshima kuliko zote, na imetungwa na watu wenye akili kali. Sura ya pili, aya ya 23: kama mna shaka, leteni sura moja mfano wake. Al-Baqillani aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo. Al-Jurjani, katika karne ya 11, akachambua jinsi neno linavyokaa na jirani yake katika sentensi mpaka likawa haliwezi kuhamishwa. Lakini al-Nazzam alikwishasema kabla yao kwamba Waarabu wangeweza kuleta mfano wake kama Mungu asingewazuia; kwa hiyo muujiza uko kwenye kuzuiwa, haumo kwenye lugha. Wanazuoni wengi walimkataa. Hata hivyo inaonyesha kwamba ndani ya nyumba yenyewe hawakukubaliana ushahidi umekaa wapi.

Swali langu ni la Mswahili. Nani atahukumu? Sisi tuna utenzi wa Al-Inkishafi. Imepita karibu miaka mia mbili na hakuna aliyeandika ya pili, na wala hakuna anayesema Sayyid Abdalla bin Ali alipewa wahyi. Muislamu atanijibu, na ana haki, kwamba hoja si uzuri peke yake bali uzuri huo pamoja na Mtume asiyejua kuandika, pamoja na sheria, pamoja na namna ulivyogeuza watu. Sawa. Lakini sasa tumetoka kwenye kipimo na kuingia kwenye mkusanyiko wa mambo, na kila mtu huupima mkusanyiko kwa mizani aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mimi hupenda kuwauliza hivi wote wawili, mchungaji na ustadh: hoja yako hiyo hiyo ikiletwa na jirani kwa ajili ya kitabu chake, ungebadili dini? Mpaka leo sijapata "ndiyo."

Wakubwa wao walilijua hili. Al-Ghazali, ambaye vitabu vyake vimesomwa sana na Washafii wenzetu, alisema usitafute yakini ya unabii kwenye fimbo iliyogeuka nyoka. Utamjua nabii kama unavyomjua tabibu au faqihi, mjuzi wa sheria ya dini: jifunze kidogo tiba, jifunze kidogo fiqhi, utamtambua mwenye nayo. Calvin, Mkristo wa karne ya 16, alisema Maandiko hujitambulisha yenyewe kama cheupe na cheusi kwa jicho, kitamu na kichungu kwa ulimi. Na ile aya ya Paulo kwa Timotheo, kila andiko lenye pumzi ya Mungu, neno lake la Kigiriki lina maana hiyo hiyo, "limepuliziwa na Mungu." Pumzi hiyo, si msemaji wala msikilizaji anayeweza kuiweka chini ya hadubini.

Mimi naona walisema kweli kuhusu namna mtu anavyoamini. Ila utamu wa ulimi wangu siwezi kuuweka kwenye ulimi wako, na jirani wa dini nyingine naye anaapa chake ni kitamu. Kwa hiyo jibu langu ni hapana: kwamba maneno yametoka kwa Mola haiwezi kuonyeshwa, kwa maana ya kumlazimisha asiyeamini akubali. Kama mtu anaweza kujua bila kuweza kuonyesha, hilo ni swali jingine, na karatasi zangu hazina la kusema humo.

Mzee alirudi baada ya wiki tatu. Nilimpa jibu hilo, nikilipunguza makali. Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa sina shaka," akasema. "Mjukuu wangu anasoma Dar, ndiye aliyeniuliza. Nikaona nisimjibu kutoka kichwani."

Nikamwomba aje naye siku moja. Kisha nikamwonyesha nilichofanya: wadudu walikuwa wametoboa ukurasa katika Sura ya Maryam, pale Maryam anapoambiwa atikise shina la mtende, tende mbivu zimwangukie, nami nimebandika karatasi nyembamba ya Kijapani nyuma ya tundu. Neno lenyewe limeliwa, nikamweleza, na siruhusiwi kuliandika upya; nafasi itabaki tupu.

Hakuitazama nafasi. Alifumba macho, akasoma aya tangu mwanzo, na alipofika kwenye tundu akapita bila kusita: rutaban janiyyaa.