Sheria ikibadilika, afya ya watu wa LGBT (wapenzi wa jinsia moja au zote mbili, na waliobadili jinsia) hubadilikaje?

Sheria inamfikiaje mtu mwilini?

Kwa njia ya hofu. Chukua mwanaume anayeshiriki mapenzi na wanaume mahali ambapo hilo ni kosa la jinai. Amekwenda kupima magonjwa ya zinaa. Anaulizwa habari za mke, anaitikia tu. Anapimwa mkojo, anaambiwa yuko salama. Kumbe kisonono na klamidia hukaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, mara nyingi bila dalili, na mkojo hauonyeshi. Alipaswa kuchukuliwa sampuli huko kwa kijiti chenye pamba, ila mhudumu hakujua na yeye hakuthubutu kusema.

Dawa za dharura za kuzuia VVU nazo huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio lenye hatari ya kuambukizwa, zikamezwa siku 28. Aliyekaa siku nne akihofia kuripotiwa polisi ameshachelewa.

Na afya ya akili?

Kupima kila neno kabla ya kulitamka, mwaka hadi mwaka, huzaa wasiwasi na sonona. Chanzo ni kubaguliwa na kujificha. Mapenzi ya jinsia moja yenyewe si ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani liliyaondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990.

Kuna ushahidi kwamba sheria nzuri husaidia?

Upo, na una uzito. Nchini Marekani, utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa majimbo yaliporuhusu ndoa za jinsia moja, majaribio ya kujiua yalipungua kwa asilimia 7 kwa wanafunzi wa sekondari wote, na asilimia 14 kwa wale wa LGB (wapenzi wa jinsia moja au zote mbili). Nigeria ilipokaza sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Januari 2014, watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume huko Abuja waliona hofu ya kwenda kutibiwa ikiongezeka.

Basi sheria ikifutwa, yameisha?

Hapana. Denmark na Sweden, vifo vya kujiua miongoni mwa waliofunga ndoa za jinsia moja vilishuka kwa asilimia 46 kati ya 1989–2002 na 2003–2016, lakini bado vilizidi vya wanandoa wa jinsia tofauti. Mara nyingi kinachokwama ni kituo cha afya: hakuna aliyewaelekeza wahudumu, na historia ya mgonjwa inaulizwa dirishani, foleni nzima ikisikia. Swali la "unashiriki mapenzi na wanaume, wanawake, au wote?" liulizwe kila mgonjwa, faraghani, kwa sauti ileile ya kuuliza umri.

Nifanye nini wakati sheria bado haijabadilika?

Kabla ya kujieleza, uliza: "Haya yanaandikwa wapi, na nani huyasoma?" Ukiridhika, taja sehemu za mwili zinazohitaji kupimwa, jina la mwenzio halihitajiki. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri miadi: mwambie unayemwamini leo, akusindikize hospitali.