Seromu haitibu malaria ya mtoto

Wazazi wanaoteremka kutoka Kabare na Walungu kuja Bukavu, mashariki mwa Kongo, pamoja na wale wanaopanda kutoka Kamanyola, hunieleza jambo lile lile: "Daktari, huyu hajatibiwa, amepewa vidonge tu." Kwao tiba ni seromu, yaani chupa iliyotundikwa ambayo maji yake huingia mshipani, na muuguzi anayemrudisha mtoto nyumbani na pakiti ya vidonge huonekana ama hajui kazi ama ameficha dawa ili aiuze.

Chupa ile mara nyingi ina maji ya sukari au ya chumvi, ambayo hayaui kimelea hata kimoja. Mtoto mwenye malaria isiyo kali, anayenyonya na asiyetapika kila kitu, hutibiwa kwa vidonge vya mseto, yaani artesunate na amodiaquine au artemether na lumefantrine, kwa siku 3 na kwa kadiri ya uzito wake. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali: degedege, kupoteza fahamu, viganja kuwa vyeupe, kupumua kwa shida. Hata huyo, akishachomwa kwa muda usiopungua saa 24 na akaweza kumeza, lazima amalizie kwa dozi kamili ya vidonge hivyo hivyo vinavyodharauliwa.

Wala hasara yenyewe si ya fedha tu. Mzazi aliyenyimwa sindano kituoni huenda kwa muuza dawa wa kando ya soko, ambaye humchoma mtoto kwinini takoni. Sindano hiyo ikiudhuru mshipa wa fahamu unaoteremkia mguuni, homa huisha na mtoto hubaki akiburuta unyayo. Watoto hao ninawajua kwa viatu vyao: kimoja ni kizima, cha pili kimelika kwenye ncha ya vidole. Na yote hayo kwa ugonjwa ambao vidonge vingeutibu!

Wengine, homa ikishuka siku ya pili, humwekea mdogo wake vidonge vilivyobaki. Homa hutangulia kuondoka, vimelea vikabaki. Mpe dozi yote. Akitapika kabla ya nusu saa tangu ameze, rudia vidonge vya mara ile. Artemether na lumefantrine impe pamoja na maziwa ya mama au uji wa karanga, kwani hufyonzwa vizuri penye mafuta. Hili nalisema hadi wauguzi wangu wamechoka kulisikia.

Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, hivyo chanya hiyo pekee haimaanishi kwamba dawa imeshindwa.

Degedege nayo si pepo wala uchawi. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, umpeleke mara moja. Pale hospitali ilipo mbali, mtoto wa chini ya miaka 6 anaweza kuwekewa artesunate ya njia ya haja kubwa. Dozi hiyo moja haimalizi tiba, humpa tu nafasi ya kufika akiwa hai, kwa hiyo safari ianze saa ile ile.