Kwa nini ndege ya kilomita 500 kwa saa haimalizi kilomita 200 kwa dakika 24?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: umbali gawanya kwa mwendo, unapata muda. Viwanja viwili vidogo vimeachana kilomita 200. ATR 72, ile ndege ya propela mbili inayotumika sana kwenye safari za namna hii, hukata takriban kilomita 500 kwa saa. Jibu: dakika 24. Ukiangalia ratiba unakuta dakika 50. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mashirika yanajiwekea akiba tu ili yasionekane yamechelewa.

Akiba ipo, sikatai. Tena muda wa ratiba hauanzi matairi yanapoacha lami. Unaanza kabari zikishaondolewa kwenye magurudumu, na unaisha ndege ikishaegeshwa. Viwanja vidogo vina raha ya kutokuwa na foleni, lakini vingi havina njia ya pembeni, kwa hiyo ndege hutambaa juu ya barabara ileile ya kurukia hadi mwisho, inageuka, ndipo inaondoka.

Kosa langu kubwa, hata hivyo, lilikuwa ile 500. Niliichukua kama mwendo wa safari nzima, kumbe ni wa katikati tu, ndege ikishanyooka huko juu. Fikiria basi la mjini. Injini yake inaweza kufika 100, lakini dereva akiingiza tu gia ya tatu, mtu anaomba kushuka. Safari fupi ya ndege ni hivyohivyo, ila yenyewe imeongezewa mlima.

Tuupime huo mlima. Ndege kwa kawaida hushuka kwa mteremko wa nyuzi 3 hivi, yaani kila ikipoteza mita 1 ya kimo, inasonga mbele mita 19. Ikiwa futi 18,000 juu, karibu mita 5,500, itahitaji kama kilomita 105 kufika chini. Zaidi ya nusu ya safari yetu ni kushuka! Kupanda nako kunakula robo saa hivi, kwa mwendo ulio chini sana ya 500. Weka kilomita 80. Za kwenda tambarare zinabaki 15, nazo zinakwisha kabla dakika mbili hazijafika.

Hizo ni namba za kukadiria. Uzito, joto na upepo huzivuruga, na rubani wa safari fupi mara nyingi hubaki chini zaidi ya hapo. Hakuna anayepanda hadi paani ili ahamie chumba cha pili. Halafu kilomita 200 ni za mstari mnyoofu, ilhali ndege hupenda kutua ikiukabili upepo, hata kama hilo linaidai kuzunguka hadi upande wa pili wa uwanja.

Kioja chenyewe kiko visiwa vya Orkney, Scotland. Kutoka Westray hadi Papa Westray ni kilomita 2.7 hivi, na shirika la ndege la Loganair limekuwa likirusha ndege hapo tangu 1967. Siku hizi ni Islander, kindege cha propela mbili kinachoweza kupita kilomita 200 kwa saa. Rekodi ya safari hiyo ni sekunde 53, lakini ratiba inasema dakika 2. Gawanya mwenyewe: kilomita 81 kwa saa. Basi lingeimudu, tatizo ni bahari.