Mtoto Garini: Maswali Ninayoulizwa Kliniki Kuhusu Kiti Chake

Siku za kliniki, watoto wakishapimwa uzito, maongezi ya kwenye benchi hayaishii kwenye uji na chanjo. Magari madogo yamezidi mitaani hapa Mwanza, kuanzia Buswelu mpaka Nyegezi, na kina mama wananiuliza kuhusu kiti cha mtoto. Kina baba pia, ingawa wao husubiri mpaka tubaki wawili.

Nikimpakata vizuri na mkanda nimefunga, si inatosha?

Haitoshi, hata uwe na mikono ya mvuvi. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 9 anaweza kuchomoka kwa nguvu inayozidi uzito wa mifuko miwili ya saruji. Nani ataizuia hiyo kwa mikono? Wengine huzungusha mkanda mmoja, mama na mtoto pamoja. Huo ndio ubaya zaidi, kwa sababu mwili wa mama humbana mtoto kwenye mkanda. Shirika la Afya Duniani linasema vifaa vya kumfungia mtoto garini vinaweza kupunguza vifo kwa angalau asilimia 60.

Aangalie mbele au nyuma?

Nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo wa kiti hupokea sehemu kubwa ya kishindo. Abaki hivyo angalau mpaka miezi 15, na zaidi kama uzito na urefu ulioandikwa kwenye kiti vinaruhusu. Kiti kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi, maana ikifumuka itampiga kichwani.

Hela yenyewe iko wapi?

Hapa ndipo penye maneno. Kwanza, achana na kile kiti cha mshikio kinachobebwa kama kapu, kama bajeti ni ya kiti kimoja tu. Ni kizuri, lakini mtoto hukiacha ndani ya mwaka mmoja hivi. Tafuta kinachogeuzwa: leo anatazama nyuma, baadaye mbele, mpaka kilo 18. Chukua na kadi ya kliniki, uzito wa mtoto umeandikwa humo.

Pili, watu wakija kukupa hongera ya uzazi huleta mabeseni, sabuni na vitenge mpaka kabati linajaa. Mwambie shangazi mmoja mwenye sauti awakusanye wachangie kiti. Si aibu. Wengine wamekitoa kwenye mzunguko wa kikoba. Na usidanganywe na bei: kiti cha bei nafuu chenye alama halisi ya ubora, kikafungwa sawasawa, kinamlinda mtoto kuliko cha kifahari kinachoyumba.

Nimeona cha mtumba sokoni Mlango Mmoja. Nichukue?

Muulize muuzaji kimetoka wapi, ingawa mara nyingi atakujibu "ni kizima, dada". Kiti kilichopata ajali kubwa hakifai hata kama hakionyeshi ufa, na historia hiyo haisomeki kwa macho. Kwa hiyo bora cha jirani au ndugu unayemwamini. Kigeuze chini utafute tarehe ya kutengenezwa au ya kwisha muda, plastiki huchoka. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na R44 au R129, ambazo ni namba za kanuni za kimataifa za usalama wa viti vya watoto. Kikiwa cha Japani, maandishi yatakuwa ya huko. Yapige picha uyatafsiri kwa simu. Mikanda ikiwa imechanika, imekatwa au imeshonwa upya na fundi cherehani, kirudishe.

Nitajuaje nimekifunga sawa?

Kishike pale mkanda wa gari unapopita, ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Kisha mfunge mtoto, ubane utepe wa begani kwa vidole viwili: ukishika mkunjo, bado umelegea. Anayetazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Usimviringishe khanga nene kabla ya kufunga mikanda. Mfunge kwanza, khanga baadaye. Kidevu kikianguka kifuani, rekebisha ulalo wa kiti, maana anaweza kukosa hewa.

Na kwenye daladala?

Hakuna kiti cha kufunga humo, tusidanganyane. Kaa siti ya nyuma ya dereva, si ile ya mbele pembeni yake. Mkubwa kidogo mwenye siti yake na mkanda upo, mfunge.

Tukivuka na pantoni ya Kamanga, abaki amefungwa?

Hapana. Gari likishasimama na injini kuzimwa, mfungue, shukeni wote, mvalishe boya. Mkirudi garini, mfunge tena kabla gari halijasogea.