Udhaifu wa kiusalama katika programu ya kusoma picha ni nini?

Mfanyabiashara wa Kibirizi, mjini Kigoma, akimtumia mteja picha ya dagaa waliokauka, kinachosafiri ni msururu wa namba zilizobanwa ili zisile bando. Ndani ya mfumo endeshi wa simu ya mteja kuna programu zenye kazi moja tu: kuzifumua namba hizo ziwe rangi kwenye kioo. Udhaifu tunaouzungumzia ni kosa ndani ya programu hizo, linalomwezesha mtu mbaya kupenyeza amri zake kupitia faili la picha.

Mara nyingi kosa lipo kwenye kupima nafasi. Programu hutenga sehemu ya kumbukumbu kwanza, ndipo ifumue. Mtu akikuambia analeta debe moja la dagaa, unatandika turubai la debe moja. Akimwaga matatu, dagaa wanafika kwenye turubai la jirani. Katika kumbukumbu, huko kwa jirani huenda kuna maelekezo ya kazi inayofuata. Yakifunikwa na data iliyopangwa kwa ujanja, simu inaanza kumtii aliyetuma picha.

Septemba 2023 jambo hili lilionekana wazi. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, waligundua iPhone ikishambuliwa kwa picha ili kupandikizwa Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel. Apple ilitoa marekebisho tarehe 7, na siku nne baadaye Google ikaziba tundu kwenye Chrome. Tundu la Chrome lilikuwa ndani ya libwebp, maktaba (yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu nyingi huuazima) ya kusoma picha za WebP, aina mojawapo ya faili la picha, ambayo Firefox na programu nyingine nyingi huitumia pia. Hata stika za WhatsApp ni WebP.

Ndiyo maana ushauri wa “usifungue picha ya usiyemjua” hautoshi. Katika shambulio lile mwenye simu hakubonyeza chochote: simu ilijisomea picha yenyewe mara ilipoipokea. (Pegasus, kwa haki, huelekezwa kwa wanahabari na wanaharakati zaidi kuliko wauza dagaa. Lakini tundu likishatangazwa, kila mhalifu analijua.)

Dawa ni sasisho, na hapo ndipo penye ugumu kwetu. Simu nyingi za mtumba zinazouzwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, zimeshaachwa na watengenezaji wake. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama la Android. Marekebisho ya libwebp yaliingia kwenye sasisho la Oktoba 2023, hivyo tarehe ya kabla ya hapo inamaanisha tundu la mfumo bado liko wazi. Hata hivyo Chrome hubeba nakala yake ya libwebp na husasishwa kutoka Play Store, kwa hiyo hata simu iliyoachwa inaweza kuzibwa upande huo. Upande wa mfumo wenyewe, fundi wa mtaani hana la kufanya kama mtengenezaji hajatoa sasisho.